Kompyuta inaganda gemu likichezwa kwenye runinga ya 4K, lakini kwenye monita haigandi kabisa. Tuanzie wapi?

Mleta uzi

Habari za jioni wanajukwaa. Nina kompyuta ya mezani ambayo kwa miaka miwili nimeichezea gemu kwenye monita ya kawaida yenye pikseli 1920 kwa 1080, na katika muda wote huo haikuwahi kuniganda hata mara moja. Wiki mbili zilizopita niliihamishia sebuleni na kuiunganisha kwa kebo ya HDMI kwenye runinga ya 4K, na tangu siku hiyo sijamaliza mechi mbili mfululizo.

Kinachotokea ni hiki: gemu linakwenda vizuri kwa dakika kumi na tano, pengine ishirini na tano, kisha picha inasimama kabisa na sauti inabaki ikirudia kipande kilekile kifupi, mfano wa nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Kipanya hakisogei, kibodi haijibu, na njia pekee ya kutoka hapo ni kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime. Cha ajabu ni kwamba filamu natazama saa tatu bila tatizo lolote, kwenye runinga ileile na kwa kebo ileile.

Hadi sasa nimelifuta gemu na kulipakua upya, nimeiondoa draiva ya kadi ya grafiki na kuweka mpya, nimenunua kebo nyingine, na nimejaribu soketi zote tatu za HDMI zilizo nyuma ya runinga. Katika Event Viewer, programu ya Windows inayoonyesha rekodi za matukio, naona kosa la Kernel-Power namba 41 kila baada ya tukio, na nilikosoma wanasema hiyo ni pawa saplai, kile kifaa kinachoipa kompyuta umeme. Kabla sijatoa fedha kwa mara ya pili naomba kuuliza: ni runinga, ni pawa saplai, au kuna kitu sikioni?

Waya wa Shaba

Pole sana mkuu. Nianze na hiyo namba 41, kwa sababu imewatoa wengi fedha mfukoni bila sababu. Windows huandika rekodi hiyo inapowaka na kugundua kwamba mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu, basi, sababu haiijui. Aliyeizima ni wewe, kwa kushikilia kitufe, kwa hiyo unachokisoma pale ni alama ya kidole chako mwenyewe. Kinachofaa kutafutwa ni kilichoandikwa dakika moja au mbili kabla ya hapo: rekodi ya Display namba 4101, inayosema kwamba draiva ya grafiki iliacha kuitika kisha ikarudi, au rekodi yoyote ya WHEA-Logger, ambayo ni malalamiko ya vifaa vyenyewe. Usipokuta chochote, hilo nalo ni jibu, kwa maana kompyuta iliganda ghafla kiasi cha kukosa hata nafasi ya kuandika.

La pili ni ile sauti ya nzi. Watu wengi wakiisikia hukimbilia kulaumu draiva ya sauti, na mimi mwenyewe niliwahi kupoteza Jumamosi nzima kwa kosa hilo. Kifaa cha sauti husoma kutoka sehemu ndogo ya kumbukumbu ambayo prosesa huijaza upya kila baada ya milisekunde chache. Prosesa ikiacha kuijaza, kifaa huendelea kusoma kilichomo mpaka mwisho, kisha hurudi mwanzo, na ndiyo maana unasikia kipande kilekile. Kwa hiyo kelele hiyo inatuambia tu kwamba kompyuta nzima imesimama. Ingekuwa picha imesimama huku muziki wa gemu ukiendelea na wenzako ukiwasikia, tungeanza kwa kuitazama draiva ya grafiki au mawasiliano kati ya kadi na runinga. Safari ijayo ikiganda, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, mfumo ungali hai, na unaweza kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B, ambavyo huianzisha upya draiva ya grafiki bila kuzima mashine. Taa isipobadilika, usijisumbue, zima.

Sasa runinga yenyewe. Mimi nisingeishuku sana, na sababu umeitaja mwenyewe bila kujua. Kebo ya HDMI haijui kama inabeba filamu au gemu: ukishaiweka Windows katika 4K kwa Hz 60, kila sekunde zinapita picha 60 kamili, hata kama kilichoko kwenye skrini ni dawati tupu. Kebo mbovu huonekana kwa vidoti vyeupe vinavyometameta, kwa skrini kuwa nyeusi sekunde mbili tatu na kurudi, au kwa picha kukataa kabisa kutoka. Filamu ya saa tatu isiyo na hata kimojawapo imekwisha kukupimia kebo, soketi na runinga kwa pamoja, na bila malipo.

Kilichobadilika kati ya filamu na gemu ni kazi ya kadi ya grafiki. Kwenye filamu, kitengo kidogo maalumu ndani ya kadi ndicho kinachofungua video na sehemu kubwa iliyobaki inasinzia. Kwenye gemu kila pikseli inakokotolewa, na hapo ndipo hesabu inapokuwa nzito: monita yako ina pikseli 2,073,600, runinga ya 4K ina 8,294,400. Ni mara nne kamili. Tena kuhama kwenda sebuleni kumebadilisha mambo mengine kwa mpigo mmoja. Pengine kompyuta imeingia kwenye kabati la runinga ambako hewa haizunguki. Sauti imeacha kupitia ubao mama na sasa inapitia kadi ya grafiki, kwa draiva nyingine kabisa. Na wewe umekaa mbali zaidi na mashine.

Ukibadilisha mambo manne kwa siku moja huwezi kujua lipi limekuumiza, kwa hiyo turudishe moja tu. Acha kompyuta hapo ilipo, runinga hiyohiyo, kebo hiyohiyo, sauti hivyohivyo, ila ndani ya Windows na ndani ya gemu weka 1920 kwa 1080. Cheza saa mbili. Kisha rudisha 4K, fungua HWiNFO, programu ya kupima hali ya vifaa, uiambie iandike kumbukumbu ya joto na mzigo kwenye faili kila sekunde mbili, na uiache igande. Mstari wa mwisho wa faili hilo ndio shahidi wetu.

Kamba Mbili

Natofautiana kidogo na mchangiaji aliyetangulia. Kadi ikifanya kazi mara nne inakula umeme zaidi, na pawa saplai iliyochoka haiwezi kuilisha. Nunua yenye wati nyingi zaidi ulale usingizi. Nimewaona watu watatu waliopona hivyo.

Pedi Mkononi

Wakuu, naomba niongeze kisa changu, ingawa hakifanani moja kwa moja na cha mleta uzi. Nilipohamia kwenye runinga, nilikuwa na hakika kwamba gemu linaganda kila baada ya dakika chache: mchezaji wangu anasimama katikati ya uwanja, au anakimbia kuelekea ukutani bila kunisikiliza. Siku moja kwa bahati nikaangalia pembeni ya skrini nikaona saa ya mechi inaendelea na mashabiki jukwaani wanapunga mikono. Gemu lilikuwa halijaganda hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa sisikiki.

Kipokezi kidogo cha pedi yangu isiyo na waya nilikuwa nimekichomeka nyuma ya kompyuta, ubavuni mwa diski ya nje iliyokuwa kwenye USB 3.0. Nilikuja kujifunza kwamba vifaa vya USB 3.0 na kebo zake hutoa kelele ya redio katika eneo la GHz 2.4, ambalo ndilo linalotumiwa na pedi, vipanya na kibodi nyingi zisizo na waya, na kampuni ya Intel iliandika waraka mzima kuhusu jambo hilo mwaka 2012. Mezani sikuliona kwa sababu nilikuwa nimekaa nusu mita kutoka kwenye kipokezi; sebuleni nikawa mita tatu, na kasha la chuma limesimama katikati yetu. Nilikichomeka kipokezi kwenye waya wa kurefushia USB, nikakiweka chini ya runinga kikinitazama, na tatizo likakoma siku hiyohiyo.

Mgeni wa Jana

Samahani kwa kudandia uzi wa mtu. Yangu haigandi moja kwa moja, ila kila kitu kinakwenda kwa kukwamakwama kama gari linalofundishwa klachi, na ni kwenye runinga tu. Je, ni tatizo hilihili?

Waya wa Shaba

Mgeni wa Jana, lako ni jepesi zaidi. Fungua mipangilio ya juu ya onyesho katika Windows utazame idadi ya Hz. Nahisi utakuta 30, au hata 24. Muunganisho wa HDMI 1.4 unaikubali 4K kwa Hz 30 tu, na kwa Hz 30 kila picha inakaa machoni milisekunde 33. Kwa Hz 24 inakaa karibu 42. Filamu inapendeza hivyo, gemu haliwezi kuchezeka. Ili upate 4K kwa Hz 60 kamili unahitaji HDMI 2.0, ambayo hupitisha gigabiti 18 kwa sekunde, na inabidi pande zote ziikubali: kadi, kebo na soketi ya runinga. Katika runinga nyingi uwezo huo umefungwa ndani ya menyu mpaka uufungue kwa kila soketi, na katika nyingine ni soketi moja au mbili tu zilizo nao. Ukiwa humo kwenye menyu, washa pia hali ya gemu, kwa sababu ule ulainishaji wa mwendo unaopendezesha mpira huichelewesha picha, na kidole chako kitadhani kompyuta ndiyo nzito.

Pedi Mkononi, asante sana. Kisa chako ningependa kila mtu akisome kabla ya kufungua bisibisi.

Mleta uzi

Nashukuru wote. Nimechukua siku mbili kufanya majaribio na haya ndiyo matokeo.

Kwa 1920 kwa 1080 kwenye runinga nimecheza saa mbili na nusu bila kuganda. Nikarudisha 4K, ikaganda dakika ya 18. Taa ya Caps Lock haikubadilika. Ni kweli kompyuta ilikuwa ndani ya kabati, kwa hiyo niliitoa nje, nikafungua ubavu wa kasha na kuielekezea feni ya sakafuni. Ikaganda dakika ya 22. Katika faili la HWiNFO mstari wa mwisho unaonyesha kadi ikiwa na mzigo wa asilimia 99 na joto la nyuzi 71, prosesa nyuzi 63. Nilipokuwa kwenye 1080 mzigo wa kadi ulikuwa kati ya asilimia 38 na 45. Hakuna rekodi ya 4101 wala WHEA, ni ile 41 peke yake.

Sasa nimechanganyikiwa zaidi, kwa sababu joto si kubwa.

Waya wa Shaba

Hujachanganyikiwa mkuu, umeondoa nusu ya washukiwa. Nyuzi 71 ni joto la kawaida kabisa kwa kadi inayofanya kazi, na feni ya sakafuni imekusogezea tukio kwa dakika nne tu, jambo ambalo huenda ni bahati. Linabaki swali moja la kuimaliza kesi ya runinga: je, kompyuta itaganda kwa mzigo uleule bila runinga kuwepo?

Leta ile monita ya zamani hapo sebuleni na uchomoe kabisa kebo ya runinga. Kadi za NVIDIA zina mpangilio unaoitwa DSR, na za AMD zina Virtual Super Resolution. Vyote viwili huifanya kadi ikokotoe picha kwa 3840 kwa 2160 kisha iipunguze ili itoshee kwenye monita ya 1080. Jicho lako litaona picha laini kidogo tu, lakini kadi itatoka jasho lilelile. Sauti isikilize kwa hedifoni kutoka ubao mama. Ikiganda hapo, runinga, kebo yake na sauti ya HDMI vyote viko huru.

Kamba Mbili, pawa saplai bado sijaitoa kwenye orodha, ila siiweki mbele. Umeme unapopungukia kadi, kompyuta mara nyingi hujizima au hujiwasha upya papo hapo, tena wakati mzigo unapopanda ghafla. Hii inasubiri dakika ishirini kisha inaganda. Na kununua kifaa ili kupima wazo ni njia ghali ya kupima, hasa pale jaribio la bure lipo.

Mleta uzi

Imeganda. Monita ya zamani, DSR mara nne, runinga imechomolewa hata umeme, hedifoni masikioni. Dakika ya 20, nzi yuleyule ndani ya chupa. Sikuwahi kufurahi kompyuta ikinigandia, lakini jana nilifurahi.

Waya wa Shaba

Hongera, maana sasa kuna mahali pamoja tu pa kutafuta. Nijibu maswali matatu. RAM yako, yaani kumbukumbu ya kompyuta, umeipima, kwa MemTest86 au kwa programu ya Windows yenyewe? Kadi hiyo uliinunua mpya au kwa mtu? Na je, kuna wakati wowote, hata zamani, wewe au mtu mwingine aliipandisha kasi kupita ile ya kiwandani, au kuipunguzia volti ili itulie kelele? Usijibu kwa kukumbuka, fungua programu utazame.

Mleta uzi

RAM nimeiacha ikipimwa usiku kucha kwa MemTest86, haina kosa hata moja. Kadi niliinunua mpya. Swali la tatu ndilo limeniacha na aibu.

Mwaka jana, niliponunua gemu moja jipya, nilifuata maelekezo ya video fulani nikaweka MSI Afterburner, programu ya kubadili kasi ya kadi ya grafiki, nikaiongezea kumbukumbu ya kadi megahezi 900 na kuweka alama kwenye kile kisanduku cha kuirudishia kasi hiyo kila Windows inapowaka. Nilipima kwa nusu saa, likaenda sawa, nikafunga dirisha na kulisahau kabisa. Nimelifungua leo nikakuta ile 900 imekaa palepale. Nilidhani nilipoondoa draiva na kuweka mpya nilifuta kila kitu.

Nimerudisha kila kipimo kwenye hali ya kiwandani na kuondoa alama ile. Nitarudi baada ya siku chache.

Kamba Mbili

Ila hapa nina swali la haki kabisa. Kama kasi hiyo ilikuwa mbaya, mbona imeishi naye mwaka mzima bila kosa?

Waya wa Shaba

Ni swali zuri. Kuondoa draiva hakugusi mpangilio huo kwa sababu haukai kwenye draiva. Unakaa kwenye programu ya Afterburner, nayo huupeleka kwenye kadi upya kila mashine inapowaka. Kuhusu mwaka mzima, kumbuka kwamba kwenye monita gemu lilifungwa kwenye fremu 60 kwa pikseli milioni mbili, na kadi ilikuwa ikifanya chini ya nusu ya kazi yake. Inachora fremu, inapumzika, inachora nyingine. Kumbukumbu iliyopandishwa kupita uwezo wake haikosei kila mara; hukosea mara moja katika safari nyingi mno, na uwezekano wa kukosea huongezeka safari zinapokuwa nyingi na vipande vyenyewe vinapopata joto. Kwa 1080 safari zilikuwa chache na kadi vuguvugu. Kwa 4K mapumziko yameondoka, na baada ya robo saa joto limefika pale linapofika. Zile nyuzi 71 alizozisoma ni za kiini cha kadi. Si kadi zote zinazoonyesha joto la kumbukumbu, na mara nyingi kumbukumbu huwa na joto kuliko kiini.

Hata nusu saa aliyopima mwaka jana ilipimwa kwenye monita ileile. Alipima mzigo aliokuwa nao siku hiyo.

Mgeni wa Jana

Yangu ilikuwa Hz 30 kama ulivyosema. Soketi ya pili ya runinga ndiyo yenye uwezo, na nilikuwa nimechomeka kwenye ya kwanza. Asante sana mkuu.

Mleta uzi

Narudi kama nilivyoahidi. Leo ni siku ya sita. Nimecheza 4K kwenye runinga kila jioni, mara moja saa nne mfululizo, na haijaganda. Kasi niliyoipoteza kwa kurudisha hali ya kiwandani ni fremu mbili au tatu kwa sekunde, ambazo nisingezijua kama nisingekuwa naitazama namba pembeni ya skrini. Kompyuta imebaki nje ya kabati, kwa sababu nilipoirudisha ndani joto la kadi lilipanda nyuzi tisa ndani ya saa moja, na sikuona haja ya kulijaribu.

Pawa saplai ni ileile. Kebo niliyokuwa nayo mwanzo imerudi nyuma ya runinga, na ile mpya ipo kwenye droo. Nayo haikuwa na kosa lolote.